Mwenzako akinyolewa

Wahenga walituachia methali ambayo kila mtoto huisikia kabla hajajua maana yake: mwenzako akinyolewa, zako tia maji. Hutumika kumwonya mtu kwamba yaliyompata jirani hayako mbali na mlango wake. Juma hili, wapenzi wasikilizaji, na nyinyi mnaonifuata kupitia ukurasa huu, nataka kuichukua methali hiyo kama ilivyo, bila mafumbo. Nataka tuzungumze juu ya nywele, juu ya wembe na mkasi, na juu ya watu waliokataa kutia zao maji.

Nazungumzia dredi. Wako wanaoziita rasta, ingawa jina hilo lina utata wake. Ukimsikia dada wa Dar es Salaam akisema anakwenda kusuka rasta, huenda hana habari yoyote na Jamaika wala na mfalme wa Uhabeshi. Anakwenda kusukwa kwa nywele za bandia, na baada ya majuma kadhaa atazifumua. Dredi hazifumuliwi. Ni nywele za mtu mwenyewe zilizoachwa zikajifunga, zikakaa.

Kila ninapoligusa jambo hili hewani, simu za wazazi huanza kulia. Swali lao ni lilelile, liwe limetoka Nakuru au Mombasa: kijana wangu ameanza kufuga nywele, je, amejiunga na wahuni? Swali hilo halifai kuchekwa. Mzazi anayeliuliza hakulitunga mwenyewe. Amelirithi kwa wazazi wake, nao walilirithi kwa wengine. Leo nataka tufuate nyayo zake hadi lilikotoka.

Tuanze kabla ya kuja kwa bendera za wageni. Morani wa Kimaasai alifuga nywele, akazisokota nyuzi nyembamba, akazipaka udongo mwekundu uliochanganywa na mafuta. Nywele hizo zilikuwa urembo, lakini pia zilikuwa cheti. Aliyemwona morani kwa mbali alijua cheo chake katika jamii, kazi yake, na rika lake. Ilipofika siku ya sherehe ya eunoto, ya kuuacha ujana, mama yake mzazi ndiye aliyemketisha akamnyoa. Na vijana waliokuwa tayari kukabili simba wako waliolia machozi siku hiyo. Sherehe hiyo ingaliko. Naomba msomaji ashike jambo moja hapa: mkono ulioshika wembe ulikuwa wa mama, na siku yenyewe ilijulikana na kukubaliwa na wote. Kunyolewa kulikuwa ni kupandishwa daraja.

Sasa twende kwenye wembe wa pili. Oktoba 20, 1952, Gavana Evelyn Baring alitangaza hali ya hatari katika koloni la Kenya. Maelfu ya wanaume, na wanawake pia, wakaingia katika misitu ya Nyandarua na Mlima Kenya. Wengi wao walikuwa watu wa kawaida kabisa: vibarua, makarani, mafundi, walimu. Dedan Kimathi mwenyewe aliwahi kufundisha shule. Walipoingia msituni walikuwa na nywele fupi zilizochanwa, kama karani yeyote wa wakati ule.

Msituni hapakuwa na kinyozi. Hapakuwa na sabuni ya kutosha, na ndege za kivita zilipokuwa juu hapakuwa na mtu wa kukaa mtoni akisugua kichwa. Nywele zikakua, zikashikana, zikawa vishungi. Zilianza kama shida, kisha shida ikageuka alama. Urefu wa nywele ulikuwa kalenda: aliyekutazama aliweza kukadiria umekaa vitani miaka mingapi. Na watu waliolelewa katika mila za mashujaa wenye nywele ndefu hawakuhitaji kufundishwa namna ya kuisoma alama hiyo.

Serikali ya kikoloni nayo iliisoma, ila kwa miwani yake. Picha za wafungwa wenye vishungi zilitumika kuuambia ulimwengu kwamba vita vile havikuwa vya ardhi wala vya haki, bali ni watu waliorudi katika unyama. Kimathi alipigwa risasi na kukamatwa Oktoba 21, 1956, karibu na Nyeri. Picha iliyopigwa wakati huo mmeiona wengi wenu: amelala, ana pingu mikononi, amevaa ngozi ya chui, vishungi vimetawanyika kichwani. Serikali iliichapisha kwenye vipeperushi ikavisambaza ili watu waone mambo yamekwisha. Akanyongwa katika gereza la Kamiti Februari 18, 1957, akazikwa pasipo alama.

Waliopelekwa katika kambi za kizuizini walinyolewa vichwa walipopokelewa. Mtu anaweza kusema ilikuwa kwa sababu ya chawa. Sawa, chawa walikuwapo. Lakini kulikuwa na jambo jingine wakati huohuo ambalo halina uhusiano na chawa. Maafisa wa usalama waliunda vikosi vya kujifanya Mau Mau, vikaingia msituni kuwawinda wapiganaji. Humo mlikuwa na wapiganaji waliokuwa wamesalimu amri, na maafisa kadhaa Wazungu waliojipaka weusi usoni na kuvaa nywele za bandia ili wafanane na watu wa msituni. Kwa hiyo kambini nywele zilikuwa ushenzi wa kuondolewa kwa wembe, na msituni zilikuwa sare ya kazi ya afisa wa Malkia. Kilichobadilika ni kichwa kilichozibeba.

Habari za vita hivyo hazikuishia Nairobi na London. Zilivuka bahari hadi Jamaika, kisiwa kilichokuwa bado chini ya Mwingereza yuleyule. Wajamaika walikuwa na sababu ya kufuatilia mambo yetu. Mwanasheria wao, Dudley Thompson, aliyekuwa akifanya kazi Tanganyika, alisaidia kukusanya mawakili wa kumtetea Jomo Kenyatta na wenzake katika kesi ya Kapenguria, iliyoanza mwishoni mwa mwaka 1952. Na katika vitongoji vya maskini vya Kingston kulikuwa na watu waliokuwa wamekwisha kuligeuzia Afrika uso wao.

Watu hao ni Marasta. Jina lao linatokana na Ras Tafari Makonnen, aliyetawazwa kuwa Mfalme Haile Selassie wa Uhabeshi Novemba 2, 1930. Mhubiri wao wa mwanzo aliyevuma, Leonard Howell, alishtakiwa na kufungwa kwa uchochezi mwaka 1934. Mwaka 1940 alianzisha makazi ya wafuasi wake mahali panapoitwa Pinnacle. Polisi walipavamia mara kadhaa, na mwaka 1954 wakapabomoa.

Nani hasa aliyekuwa wa kwanza kufuga dredi Jamaika? Wanahistoria wanabishana. Wako wanaowataja walinzi wa Howell kule Pinnacle. Wako wanaowataja vijana wa kundi la Youth Black Faith, lililoanzishwa Kingston mwaka 1949. Wako wanaokumbusha kwamba Wahindi walianza kupelekwa Jamaika kulima miwa mwaka 1845, na miongoni mwa mila zao imo ya masadhu, watawa wasiokata nywele. Wako wanaofungua Biblia katika Hesabu sura ya 6, penye nadhiri ya Mnadhiri asiyepitisha wembe kichwani. Na wako wanaosema ni picha za wapiganaji wetu wa Nyandarua zilizochapishwa magazetini. Nionavyo mimi, masimulizi hayo hayapingani. Mto mkubwa huwa na vijito vingi, na kimoja cha vijito hivyo kilitiririka kutoka Mlima Kenya.

Jina dredi lilizaliwa huko. Kwa Kiingereza neno hilo lina maana ya hofu au kicho. Marasta walilichukua wakalivaa kwa furaha: sisi ni wenye kumcha Mungu, na asiyetutakia mema na atuogope.

Naye akawaogopa. Jamaika ilipata uhuru Agosti 6, 1962. Miezi minane tu baadaye, Aprili 1963, mgogoro wa ardhi katika eneo la Coral Gardens, karibu na Montego Bay, ulisababisha vifo vya watu wanane, wakiwamo polisi na Marasta. Waliohusika walikuwa wachache, lakini msako uliofuata uliwakumba Marasta wa sehemu nyingi. Walikamatwa, wakapigwa, wakatiwa ndani, na wengi wakakatwa nywele zao kwa nguvu. Serikali iliyofanya hivyo ilikuwa ya Wajamaika wenyewe. Iliwachukua hadi Aprili 2017 kuomba radhi, kupitia kwa Waziri Mkuu Andrew Holness.

Mwaka huohuo wa 1963, mwezi Desemba, ulikuwa zamu yetu. Kenya ikapata uhuru na wapiganaji waliosalia wakatoka msituni. Iko picha maarufu ya Kenyatta akiwa na Musa Mwariama, jemadari wa Mlima Kenya, mwenye vishungi vyake. Naye Muthoni wa Kirima alitoka Nyandarua akiwa na nywele ambazo hazikuona wembe tangu alipoingia huko. Huyo ndiye mwanamke pekee anayekumbukwa kwa cheo cha jemadari mkuu katika jeshi la msituni.

Ungedhani watu hao wangekuwa mfano wa heshima katika nchi mpya. Mambo hayakwenda hivyo. Waliambiwa wasalimishe silaha, waende nyumbani, wasahau. Waliokataa walifuatwa, jemadari Baimungi wa Meru aliuawa na vikosi vya serikali huru mapema mwaka 1965. Sheria ya mkoloni iliyopiga Mau Mau marufuku ilibaki vitabuni hadi Agosti 2003. Ndugu msomaji, hesabu mwenyewe: karibu miaka 40 ya uhuru, na kwa mujibu wa sheria waliopigania uhuru huo walikuwa wanachama wa chama haramu.

Kenya haikuwa peke yake. Serikali nyingi za wakati ule ziliona kichwa cha raia kuwa mali ya umma. Tanzania, mwishoni mwa mwaka 1968, Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana dhidi ya sketi fupi na suruali za kubana, na nywele za bandia zikiwamo. Malawi ya Rais Banda, mwaka 1973, ilitunga sheria ya mavazi iliyowakataza wanawake suruali na wanaume nywele ndefu. Kila serikali ilikuwa na hoja yake, moja ikisema kitu fulani ni cha kigeni mno, nyingine ikisema si cha adabu. Lakini mkasi ulikuwa mmoja.

Mkasi huo ukahamia shuleni, na hapo ndipo kizazi changu kilipoujua. Nilipokuwa shule ya msingi, mwalimu wa zamu alikuwa akikagua vichwa asubuhi gwarideni. Aliyekutwa na nywele zilizozidi alipitishiwa mkasi katikati ya utosi, barabara moja kutoka kipajini hadi kisogoni, kisha akaachwa akae nayo darasani mchana kutwa huku wenzake wakicheka. Jioni ilikuwa lazima aende akanyolewe zote. Tulitia zetu maji, naam. Wala hakuna aliyetueleza kwamba katika vitabu vyetu vya historia, kurasa chache mbele, kulikuwa na shujaa ambaye kwa kanuni hiyo asingeruhusiwa kupita langoni.

Dredi zilirudi mijini kwa njia ya muziki. Bob Marley aliimba katika uwanja wa Rufaro, Zimbabwe, usiku wa uhuru wa nchi hiyo, Aprili 1980, akafariki Mei 1981. Picha yake ikaenea kwenye fulana, kwenye kuta za vibanda na kwenye matatu. Vijana wetu wakafuga nywele wakidhani wanaiga Jamaika. Walikuwa kama mtu anayenunua kwa bei ghali, ng'ambo, kikapu kilichosukwa na bibi yake.

Kisha likaja jambo lililoharibu mengi. Kundi la Mungiki, lililojitangaza kuwa mrithi wa Mau Mau, lilikuwa na wafuasi wengi wenye dredi. Kundi hilo lilitoza ushuru wa nguvu kwenye magari ya abiria, likahusishwa na mauaji ya kutisha, na Machi 2002 likapigwa marufuku. Tangu hapo, kijana mwenye dredi alisimamishwa barabarani kabla hajaulizwa jina.

Mwaka 2007 ulionyesha maajabu ya nchi yetu kuliko mwaka mwingine wowote. Februari 18, miaka 50 kamili tangu Kimathi anyongwe, Rais Mwai Kibaki alizindua sanamu ya shujaa huyo katikati ya Nairobi, kwenye barabara yenye jina lake. Sanamu ina bunduki, na ina dredi. Juni mwaka huohuo polisi waliingia Mathare kuwasaka Mungiki, na watu zaidi ya 20 wakauawa kwa siku chache. Nilikuwa ripota kijana wakati huo. Nilipita mbele ya vibanda vya vinyozi nikaona foleni za wavulana, wengine wakikata nywele walizozifuga miaka mitano au sita, wasizungumze na mtu. Hawakuwa Mungiki. Walikuwa wameona wenzao wakinyolewa kwa risasi. Mwendo wa matatu kutoka hapo, Kimathi wa shaba alisimama na nywele zake, hana wa kumsimamisha.

Kwa bahati njema, habari haikuishia hapo. Januari 2019 msichana wa kidato cha kwanza, mtoto wa familia ya Kirasta, alirudishwa nyumbani na shule moja ya sekondari mtaani Kibera kwa sababu ya dredi zake. Baba yake akaenda mahakamani. Septemba 13, 2019, Jaji Chacha Mwita wa Mahakama Kuu aliamua kwamba Urasta ni dini inayolindwa na Katiba kama dini nyingine, kwamba nywele hizo ni sehemu ya imani, na kwamba mtoto hawezi kufukuzwa shule kwa ajili yake. Mahakama ya Juu ya Zimbabwe ilikuwa imefikia uamuzi wa namna hiyo mwaka 2007, na Mahakama Kuu ya Malawi ikafuata Mei 2023.

Hata hivyo, tusipige vigelegele mapema. Isomeni hukumu ya Nairobi kwa makini. Msichana yule alishinda kwa kuwa nywele zake ni ibada. Mtoto wa jirani yake, ambaye hana dini hiyo ila nywele zimemwotea hivyo na mama yake hana haja ya kuzichana, hakutajwa. Huko Marekani mambo yalichukua njia nyingine: mwaka 2016 mahakama ya rufaa ilisema kampuni iliyomnyima kazi mwanamke mweusi kwa ajili ya dredi haikuvunja sheria ya ubaguzi wa rangi, mwaka 2019 jimbo la California likatunga sheria ya kwanza ya kukataza ubaguzi wa namna hiyo, awe mtu ana dini au hana. Huku kwetu, ili uachiwe nywele ulizozaliwa nazo, bado inakubidi useme ni nani unayemwabudu.

Mnaoogopa dredi mna hoja moja ambayo sitaipuuza, nayo ni ya usafi. Wengi huamini kwamba dredi ni nywele zisizooshwa. Nilimwuliza dada mmoja msusi wa Kenyatta Market, ambaye amezishika kwa miaka mingi, akanieleza kazi yake kinaganaga.

Kwanza, alisema, nywele zetu hujisokota zenyewe. Kila binadamu hupoteza nywele kati ya 50 na 100 kwa siku. Kwa mwenye nywele zilizonyooka huanguka chini. Zetu hunaswa na jirani zao, zikashikana, na usipochana, kishungi huanza. Wala haihitaji uchafu. Mafuta mengi na mabaki ya sabuni huzifanya ziteleze, zichelewe kushikana. Kwa hiyo anayetaka kuanza huosha kichwa vizuri, hukausha, hugawa nywele katika viboksi vidogo, kisha husokota kila fungu kwa vidole au kwa kitana chembamba. Nywele zenye dawa ya kulainisha hazifai. Afadhali kukata na kuanza upya.

Miezi mitatu ya kwanza ndiyo ya majaribu. Zinafumuka, zinasimama huku na huko, na kila shangazi ana la kusema. Mwenye haraka hupaka nta ya nyuki ili zilale. Msusi wangu anakataza, kwa kuwa nta hunasa vumbi na haitoki. Kuosha ni kila juma moja au mawili, na jambo kubwa kuliko yote ni kukausha hadi ndani kabisa, kwa jua au kwa mashine, kabla ya kulala. Maji yakibaki moyoni mwa kishungi huleta harufu na ukungu, na hapo ndipo sifa mbaya ilipotoka. Mizizi hukazwa kila baada ya majuma manne hadi sita, kwa mkono mwepesi. Anayekazwa kila Jumamosi kwa nguvu atapoteza nywele za kipajini, na huenda zisirudi. Usiku kichwa hufungwa kitambaa laini. Baada ya mwaka mmoja hadi mwaka na nusu zinakuwa zimekomaa, na kutoka hapo hurefuka polepole, kama sentimita moja kwa mwezi.

Nilipomsikiliza niliona kwamba kazi hii inataka subira na nidhamu kuliko kunyoa kila Jumapili. Kijana anayeweza kuitunza kwa miaka mitano si mvivu.

Nimalizie na Muthoni wa Kirima. Baada ya uhuru alikataa kunyoa. Alifunga kitambaa, akaenda na shughuli zake, na kila alipoulizwa alieleza kwamba nywele zile zinangoja matunda ya uhuru ambayo bado hajayaona. Aliharibikiwa mimba msituni, hakujaliwa mtoto tena, na alizoea kusema kwamba Kenya ndiyo mwanawe. Aprili 2022, kwa ridhaa yake, Mama Ngina Kenyatta alizikata nywele hizo hadharani huko Nyeri, zikiwa na umri wa miaka 70 hivi. Nchi ikagawanyika: wengine wakasema mzee ametua mzigo, wengine wakauliza kwa nini mkasi ushikwe na familia ya watawala, na matunda yako wapi. Alifariki Septemba 4, 2023.

Siwezi kuwaamulia ugomvi huo. Lakini tangu eunoto hadi Nyeri nimekuwa nikitazama kitu kimoja: mkono unaoshika wembe ni wa nani, na umepewa ruhusa na nani? Muthoni aliketi mwenyewe, baada ya kukaa na nywele zake muda aliotaka. Mama wa morani alimnyoa mwanawe kwa siku inayojulikana. Lakini wazuiliwa wa kambini, Marasta wa Coral Gardens na wavulana wa mwaka 2007 hawakuulizwa. Tofauti iko hapo, wala haiko katika urefu wa nywele.

Kwa hiyo, wewe mzazi unayenipigia simu, nakuomba hivi. Kijana wako akirudi na vishungi, usimngoje alale ndipo uchukue mkasi. Mketishe, mwulize ni dini, ni muziki, au ni kupenda tu. Kisha mwulize kama anazikausha. Mwalimu mkuu, kagua usafi, ni haki yako. Lakini usafi hupimwa kwa pua na macho, haupimwi kwa rula. Na mwenye nyumba yenye bibi au babu aliyekuwa msituni au kambini, keti naye juma hili umwulize habari za nywele zake: zilikuwaje alipoingia, nani alizinyoa, na siku ile alijisikiaje. Wanaokumbuka wamebaki wachache, na majibu yao hayamo katika vipeperushi vya serikali.

Kwa leo naishia hapo. Tukijaliwa, tukutane tena juma lijalo.